Kutoka Santuri hadi Sabufa: Historia ya Masikio ya Unguja

Mnunuzi anayeingia leo katika duka la vyombo vya umeme, Darajani au Mlandege, kutafuta chombo cha sauti kwa ajili ya sebule yake huuliza, aghalabu, maswali mawili. Je, chombo hiki ni kizuri kwa filamu? Na je, ni kizuri kwa muziki? Muuzaji hujibu kwamba ni kizuri kwa vyote viwili, hupandisha sauti mpaka vioo vya kabati vitetemeke, na biashara huishia hapo. Swali lenyewe linastahili jibu refu zaidi. Lina historia ya takriban miaka mia moja katika kisiwa hiki, na ndani ya historia hiyo mna mambo ya siasa na ya umma ambayo hayaonekani kwenye boksi la chombo.

Hoja ninayoitetea katika makala haya ni hii: kila chombo kilicholeta sauti katika maisha ya Waunguja kiliamua pia nani akae na nani, na nani awe na mamlaka ya kuchagua kinachosikika. Tukivilinganisha vyombo hivyo kwa uzuri wa sauti peke yake, tutakuwa tumefanya kazi ya muuzaji. Mwanafunzi wa historia hana budi kuongeza vipimo viwili: chombo kilikusanya watu gani, na ufunguo wake ulikuwa mkononi mwa nani.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kipokezi, kwa maana ya asili, ni redio: chombo kinachonasa mawimbi ya hewani, kikayageuza kuwa sauti. Kipokezi cha sebuleni cha leo kinafanya zaidi ya hapo. Hupokea ishara kutoka kwenye king'amuzi, deki au simu, hutambua sauti ipi imekusudiwa spika ipi, huikuza, kisha huigawa. Watu wengi huuita mkusanyiko mzima homu thieta, na wengi zaidi husema sabufa tu, ingawa sabufa ni spika moja kati ya kadhaa, ile ya sauti nzito za chini. Jina la kiungo limepewa mwili mzima. Hilo si kosa dogo la lugha, kwa sababu linatuambia kile ambacho soko letu limejifunza kukithamini kuliko vingine, nacho ni mdundo. Nitarejea huko.

Santuri: sauti moja kwa watu wengi

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya Gramophone, zilizotoka kwa nembo ya His Master's Voice. Mwanamke huyu aliyezaliwa Fumba, aliyewahi kutembeza vyungu akiviuza kabla ya kuhamia mjini, akawa sauti ya kwanza ya mwanamke wa Afrika Mashariki kusambaa kwa santuri. Taarab ilikuwa imekwisha kuwapo kabla yake. Ilikuzwa katika kasri tangu enzi ya Sultan Barghash, na chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Lakini taarab hiyo ilielekea zaidi kwenye Kiarabu na kwenye wakubwa. Siti aliimba Kiswahili, na santuri ikaifikisha sauti yake mahali ambapo yeye mwenyewe hakukanyaga.

Tuitazame santuri kama chombo. Upande mmoja ulichukua dakika tatu au nne tu. Wimbo ambao jukwaani ungeweza kurefushwa kadiri ya hali ya wasikilizaji ulilazimika kukatwa ili uenee. Sauti ilikuwa ya njia moja: mwimbaji, udi, fidla na ngoma vyote vilipita katika tundu moja na kutokea katika tundu moja. Mlio wa chini haukuwapo kwa kiasi cha kutajika. Kwa vipimo vya leo, chombo hicho kingeonekana hafifu kupindukia.

Hata hivyo, kilikuwa na sifa mbili ambazo kipokezi cha bei kubwa cha leo hakina. Kwanza, kilizungushwa kwa mkono, kwa hiyo hakikuhitaji umeme. Kiliweza kupigwa katika nyumba ya mawe ya Malindi na katika kijiji cha shamba vilevile. Pili, kwa kuwa wachache tu waliweza kukimiliki, kiliwakusanya wengi. Mikahawa ya mjini ilipiga santuri ili kuvuta wateja, na wasiokuwa na uwezo wa kununua waliyasikia maneno yaleyale na kuyajadili. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu starehe na siasa za mji wa Unguja, ameonyesha jinsi nyimbo za Siti zilivyokuwa sehemu ya mazungumzo ya watu wa kawaida juu ya mahakama, madaraka na heshima ya mwanamke. Mazungumzo hayo yalihitaji wasikilizaji waliokaa pamoja. Chombo kilichosikilizwa na mtu mmoja chumbani kisingeyazaa.

Jumba la sinema: filamu ilipokuwa muziki

Wakati muziki ukiingia mikahawani na majumbani, filamu ilikuwa na makazi yake. Jumba la Royal Cinema Theatre lilijengwa Vuga mwaka 1921 kwa mchoro wa J. H. Sinclair, ambaye mwaka uliofuata alikuwa Resident wa Uingereza hapa Zanzibar. Liliungua mwaka 1953, na mahali pake likasimama jengo ambalo kizazi cha wazee wetu kinalijua kwa jina la Majestic. Mji huu mdogo ulikuwa pia na Empire, Sultana na, baadaye, Cine Afrique.

Filamu za awali zilikuwa bubu. Marekani ilianza kuonyesha filamu ndefu yenye maneno ya kusikika mwaka 1927. India ilitoa filamu yake ya kwanza ya namna hiyo, Alam Ara, mwaka 1931, nayo ilijaa nyimbo. Jambo hili la mwisho ni la msingi kwa hoja yetu. Kwa mtazamaji wa Unguja, filamu ya Kihindi haikuwa hadithi iliyopambwa kwa nyimbo mbili tatu. Nyimbo zilikuwa nusu ya sababu ya kulipa kiingilio. Filamu za Misri, zilizowaleta Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab kwenye pazia, zilifanya kazi hiyohiyo. Watunzi wa taarab wa pwani walitoka majumbani humo na lahani vichwani mwao, wakazitia mashairi ya Kiswahili.

Kwa hiyo utengano kati ya chombo cha filamu na chombo cha muziki, ambao leo tunauona kuwa wa kawaida, ni mgeni katika historia ya masikio yetu. Sikio la Muunguja lilijifunza filamu na muziki katika jumba moja, kutoka katika spika moja kubwa iliyofichwa nyuma ya pazia. Sauti bado ilikuwa ya njia moja, lakini ilikuwa na nguvu na uwazi ambao hapana nyumba iliyoweza kuupata.

Na jumba lile lilikusanya watu. Laura Fair huyohuyo, katika kitabu chake cha 2018 juu ya majumba ya sinema ya Tanzania, anaeleza habari za maonyesho maalumu ya wanawake, ambayo yaliwafungulia mlango wanawake waliokuwa wakitawishwa. Mhindi, Mwarabu, Mswahili na Mngazija waliketi chini ya dari moja, ingawa viti vilitofautiana kwa bei, na bei hufuata tabaka. Mamlaka ya kuchagua yalikuwa kwa mwenye jumba na kwa wakaguzi wa serikali. Mtazamaji alikuwa na kura moja tu, nayo ni kununua tiketi au kutonunua.

Redio: sikio la siasa

Utangazaji wa redio wa hapa Zanzibar ulianza mwaka 1951, chini ya utawala wa Kiingereza. Miaka michache baadaye hewa ilijaa. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiwa na lugha kali dhidi ya ukoloni. London ilijibu mwaka 1957, BBC ilipoanza idhaa yake ya Kiswahili. Mwaka huohuo Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa kuwachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Anayetaka kuielewa miaka ile inayoitwa zama za siasa hana budi kujiuliza watu walisikiliza nini jioni, na kwa chombo gani.

Jibu la sehemu ya pili ni tranzista. Redio za balbu zilikuwa nzito na zilihitaji umeme mwingi. Redio za tranzista, zilizoanza kuuzwa duniani mwaka 1954, zilitumia betri ndogo na ziliweza kubebwa. Kwa mji wenye umeme mabadiliko haya yalikuwa ya wepesi. Kwa vijiji vya kusini, kama vile Pete, Kitogani na vile vilivyouzunguka msitu wa Jozani, yalikuwa ya kimsingi. Historia ya vyombo vya sauti Unguja huandikwa kutoka Mji Mkongwe, kana kwamba kisiwa kinaishia Darajani. Ukiiandika kutoka Jozani, kipimo cha ubora hubadilika. Swali la kwanza linakuwa betri zinadumu siku ngapi na zinauzwa bei gani, kabla ya kuuliza nguvu ya spika au uzuri wa mlio. Redio yenye spika ya ukubwa wa kiganja, iliyomletea mchanja kuni na mvuvi wa Chwaka habari za Cairo na London, ilikuwa bora kwao kuliko kabati la muziki la mjini lisilowaka bila waya.

Asubuhi ya tarehe 12 Januari 1964 thamani ya redio ilidhihirika kwa namna isiyosahaulika. Sauti iliyotoka katika kituo cha Raha Leo, ya John Okello aliyejiita Field Marshal, iliwatangazia watu kwamba serikali imeanguka. Wengi katika kisiwa waliyajua mapinduzi kwa masikio kabla ya kuyaona kwa macho. Mwenye kituo alisema, mwenye redio alisikia, na hapakuwa na njia ya kujibu. Huu ndio udhaifu wa kipokezi kwa maana yake halisi: kinapokea. Waliokuja baadaye walilielewa somo hilo vyema. Utangazaji ulibaki mikononi mwa dola kwa miongo kadhaa, na Sauti ya Tanzania Zanzibar ikawa ndiyo sauti pekee ya ndani iliyoruhusiwa kutoka hewani.

Haki inanilazimu niseme pia upande wa pili. Redio hiyohiyo ya serikali ilirekodi na kuhifadhi taarab, mashairi, hotuba, ngano na maigizo kwa kiasi ambacho hakuna kampuni ya biashara ingekigharimia. Vikundi kama Ikhwani Safaa na Culture Musical Club viliingia katika kila nyumba yenye betri. Udhibiti na uhifadhi vilikaa chumba kimoja.

Televisheni ya rangi na pembe ya Jaws

Mwaka 1973 Zanzibar ilianzisha Televisheni Zanzibar, TVZ, ambayo inatajwa kuwa televisheni ya rangi ya kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara. Mpango ulianza katika enzi ya Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972, na ukakamilika chini ya Mzee Aboud Jumbe. Tanzania Bara, ambako Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi maskini, ilisubiri hadi mwaka 1994 vituo vya watu binafsi vilipoanza.

Wako wanaolisoma jambo hili kama fahari, na wako wanaolisoma kama israfu, wakikumbuka foleni za chakula na uhaba wa bidhaa wa miaka hiyohiyo. Masomo yote mawili yana ushahidi wake. Kwa hoja yetu, la kuzingatia ni namna televisheni ile ilivyotazamwa. Seti zilikuwa chache, kwa hiyo watu walikusanyika penye seti: sebuleni kwa jirani, maskanini na barazani. Mji Mkongwe una kumbukumbu hai ya desturi hiyo, nayo ni Jaws Corner. Jina la pembe hiyo linasimuliwa kuwa limetokana na ile filamu ya papa ya mwaka 1975, na hadi leo wanaume huketi hapo kwa kahawa, siasa na televisheni iliyotundikwa kwa ajili ya wote.

Kama chombo cha sauti, televisheni ile ilikuwa hatua ya kurudi nyuma. Spika yake ilikuwa ndogo, imetazama upande, na sauti ilikuwa ya njia moja. Aliyezoea Majestic aliisikia kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Lakini iliunganisha picha na muziki mahali pa watu, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe ni ya filamu au ni ya muziki.

Ruhusa ya 1984 na kufungwa kwa milango

Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoiongoza Zanzibar, mwaka 1984 na 1985, milango ya biashara ilifunguliwa. Bidhaa kutoka Dubai zilimiminika, na Wabara walivuka bahari kuja kununua. Redio za kaseti, televisheni na deki za video zikawa mizigo ya kawaida bandarini.

Ukombozi wa sikio ulikuwa wa kweli. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida alichagua mwenyewe cha kusikiliza na saa ya kukisikiliza, bila kumngoja mtangazaji wala mwenye jumba. Kaseti ilimpa hata uwezo wa kurekodi. Mwanamke aliyeimba harusini usiku aliweza kusikika mitaani asubuhi. Wakati huohuo majumba ya sinema yalianza kupungukiwa na watu, moja baada ya jingine, mpaka yakanyamaza. Sababu zilikuwa nyingi, na deki ya video ilikuwa mojawapo. Filamu ilihama kutoka Vuga kwenda sebuleni na kwenye vibanda vya video vya mitaani.

Ni katika vibanda hivyo ambapo Waswahili walibuni jambo lao wenyewe. Huko Dar es Salaam, mfasiri aliyejulikana kwa jina la Lufufu alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, na mikanda ya namna hiyo ikaenea pwani nzima. Watengenezaji wa vyombo vya sauti huko Japani na Marekani hawakuwa wamemfikiria msikilizaji wa namna hii, ambaye sauti muhimu kuliko zote kwake ni ya mtu asiyekuwamo ndani ya filamu.

Kilichomo ndani ya boksi

Sasa tunaweza kurudi dukani na kulijibu swali. Teknolojia ya sauti ya kuzunguka ilitoka sinema ikaja nyumbani. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Dolby ilileta mfumo wa sauti za njia nne majumbani mwa sinema, na mwaka 1992 ikaanza mfumo wa dijitali wenye spika tatu za mbele, mbili za pembeni au nyuma, na moja ya sauti nzito. Huo ndio unaoandikwa 5.1 kwenye maboksi ya Darajani.

Kwa filamu, kiungo muhimu kuliko vyote ni spika ya katikati, kwa kuwa maneno ya waigizaji hupitia hapo. Mnunuzi wengi humpima muuzaji kwa sabufa, ilhali filamu yenye maneno yasiyosikika ni mchezo wa vivuli wenye ngurumo. Na filamu iliyosimuliwa kwa Kiswahili, au igizo la hapa nyumbani, aghalabu imerekodiwa kwa njia mbili tu. Ukilazimisha chombo kiigawe katika spika sita, chombo kinabahatisha.

Kwa muziki, mambo ni kinyume. Takriban muziki wote tulionao umerekodiwa kwa njia mbili, kushoto na kulia, na ule wa kale kwa njia moja. Spika mbili zilizo sawa na ampli safi vinatosha, tena vinazidi. Ukipiga rekodi ya Siti ya mwaka 1928 huku kitufe cha sauti ya kuzunguka kimewashwa, chombo kinabuni mwangwi ambao haukuwapo Bombay. Na ukiikuza sabufa juu ya taarab asilia, ganuni na udi huzama, fidla hubaki kama nyuzi za buibui, na sauti ya mwimbaji hupotea ndani ya uji. Taarab ya kisasa, yenye kinanda cha umeme na gitaa la besi, huvumilia sabufa na pengine huifurahia. Sidai kwamba chombo ndicho kilichozaa muziki huo, lakini fundi wa studio hutengeneza wimbo akijua utapigwa kwa chombo gani.

Kisha kuna nyumba yenyewe. Vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Boriti hizo ni miti ya mikoko, ya Rufiji na ya ghuba zetu wenyewe kama Chwaka, na urefu wake hauzidi sana mita tatu. Hivyo mkoko uliokatwa zamani ndio unaoamua leo wapi spika ya nyuma ikae, au isikae kabisa. Kuta za mawe na chokaa hurudisha sauti. Zulia, mito na mapazia mazito huitulia. Katika nyumba za vijijini zenye paa la bati na madirisha wazi, mvua huzima mazungumzo yote ya filamu, na mdundo wa mwenye nyumba ni mdundo wa jirani pia. Leo mikoko ya Chwaka na msitu wa Jozani ni hifadhi ya taifa, tangu mwaka 2004, na boriti mpya si za kukatwa ovyo. Vyumba vimepanuka kwa nondo na saruji, na mwangwi umeongezeka.

Jambo la mwisho ni namba. Boksi huandika wati 3,000 au 5,000, na herufi PMPO pembeni kwa maandishi madogo. Namba hiyo haina maana ya kipimo kwa mnunuzi. Inayofaa ni RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Ukikosa kuiona, geuza chombo nyuma usome kinatumia umeme kiasi gani: chombo kinachotumia wati 80 hakiwezi kutoa 5,000, na hakuna duka linaloweza kuibadilisha kanuni hiyo ya maumbile. Hili ni suala la ulinzi wa mlaji, na watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua lipo katika ofisi za nani.

Waya wa Fumba

Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, tangu mwaka 1980. Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 kikakosa tena, hadi Machi 2010, takriban miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013.

Katika miezi ile ya giza vyombo vikubwa vya sebuleni vilikuwa samani. Waliobaki na masikio ni wenye redio za betri, na wenye jenereta walisikilizwa na mtaa mzima wapende wasipende. Fumba alikozaliwa Siti, ambaye sauti yake ilienea bila umeme, ndiko unakotua waya ambao bila huo sauti zetu zote hunyamaza. Kijiji cha Jozani, ambacho kwa miaka mingi kilionekana kimeachwa nyuma na betri zake, kilipoteza machache zaidi kuliko Vuga.

Kinachotuhusu sote

Tukivipanga vyombo hivi kwa vipimo vitatu tulivyoanza navyo, tunaona mstari. Ubora wa sauti umepanda. Uwezo wa kuchagua umehamia kwa mtu binafsi, ingawa king'amuzi kimerudisha mlinzi mlangoni, safari hii akidai malipo ya kila mwezi. Mkusanyiko wa watu umepungua. Mji uliokuwa na majumba ya sinema kadhaa umebaki na maelfu ya vijumba vya sinema, kila kimoja kikiwa na familia moja au kijana mmoja mwenye vizibo masikioni. Nafasi za kusikiliza pamoja zimebaki za msimu: tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998, na Sauti za Busara tangu 2004. Watu wanaojaa Ngome Kongwe siku hizo ni ushahidi kwamba hamu haikufa.

Kwa watumishi wa umma, nina mambo mawili. La kwanza ni maktaba ya sauti ambayo ZBC imerithi kutoka kwa STZ na TVZ. Mkanda wa sumaku huchakaa, na mashine za kuusoma hutoweka sokoni kabla ya mkanda kufa. Kuzihamishia rekodi hizo kwenye dijitali ni kazi ya haraka, na ifanywe kwa uaminifu: rekodi ya njia moja ibaki ya njia moja, bila kuongezewa mdundo ili ipendeze kwenye sabufa, na haki za watunzi na warithi wao ziheshimiwe kupitia COSOZA. Anayetaka mdundo atauongeza nyumbani kwake. Nakala ya taifa isiguswe.

La pili ni jumba. Mji wa urithi wa dunia unaofufua hoteli kila mwaka unaweza kufufua ukumbi mmoja wenye pazia, spika njema na kiingilio cha mtu wa kawaida, ambamo mwanafunzi wa Kitogani na mama wa Ng'ambo wataisikia taarab ya baba zao kama ilivyorekodiwa, na kuitazama filamu wakiwa na watu wasiowajua.

Kwa wanafunzi wangu, kazi ni nyepesi kwa kuanzia. Waulizeni wazee wenu chombo cha kwanza walichosikilizia kilikuwa cha nani, kilikaa chumba gani, na ni nani aliyekuwa akiruhusiwa kukigusa. Andikeni majibu. Historia rasmi ya kisiwa hiki imeandikwa na waliokuwa mbele ya maikrofoni. Ya waliokuwa mbele ya spika bado haijaandikwa, na wanaoikumbuka wanapungua kila mwaka.